Kubadilisha wayaringi ya nyumba ya urithi Ngamiani: uzoefu wangu na mafundi wawili

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga. Ni nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna jiko, bafu na choo. Marehemu baba aliijenga mwaka 1967, umeme ukaingia miaka michache baadaye. Tangu mama naye afariki, mimi na wadogo zangu ndio tunaoisimamia. Vyumba vinne vina wapangaji, na sote tunatumia mita moja ya umeme ya LUKU. Ndani ya mwaka mmoja nimelipa mafundi wawili kwa tatizo lile lile, na nataka wenye nyumba kama yangu wajue tofauti niliyoiona.

Tatizo lilianzia kwenye friji ya mpangaji wa chumba cha tatu. Ukiishika umevaa ndala, husikii kitu. Ukiishika peku, sakafu ikiwa imetoka kupigwa deki, inakutetemesha mkono mpaka kwenye kiwiko. Wa kwanza kulia alikuwa mwanawe wa miaka sita.

Fundi wa kwanza nilielekezwa na watu wa mtaani. Alikuja na testa, plaizi na tepu nyeusi. Akafungua soketi ya friji, akauvuta waya wa kijani na kuniambia, "Mama, huu ndio unaoleta shoti. Kazi ndogo hii." Akaukata, akauzungushia tepu, akafunga soketi mpya. Nusu saa haikufika. Nikampa 25,000, na kweli friji ikatulia. Meni swichi hakuigusa, wala hakuuliza nyumba ni ya mwaka gani. Nikashukuru, nikamsifia kwa jirani. Najuta mpaka leo.

Miezi miwili baadaye binti wa chumba cha pili alikuwa anapiga pasi sare ya shule, akarushwa nayo. Mungu alisaidia, pasi ilimtoka mkononi. Siku hiyo nilizima umeme wa nyumba nzima, tukalala na taa za chaji.

Fundi wa pili nilimpata kwa mzee mmoja jirani aliyefanyiwa kazi naye. Safari hii niliuliza kabla hajaja: una leseni ya EWURA (mamlaka inayosimamia nishati na maji)? Una kifaa cha kupima ethi (njia ya kushusha ardhini umeme unaovuja)? Akasema anavyo vyote, na alipofika, baada ya shikamoo, leseni ndiyo kitu cha kwanza alichotoa kwenye begi.

Asubuhi nzima hakutengeneza chochote, alikuwa anapima tu. Nilianza kuona ananipotezea muda, mpaka aliponiita kwenye meni swichi. Akachomoa fyuzi moja ya kaure, akaniwekea kiganjani. Mahali pa ule uzi mwembamba wa fyuzi, unaotakiwa kuyeyuka mzigo ukizidi, palikuwa na nyuzi tatu za shaba zilizosokotwa pamoja, zimetolewa kwenye waya wa kawaida. Kaure yenyewe ilikuwa imepasuka, ina weusi kama kifuu kilichotoka motoni. "Hii haikatiki, mama," akasema. "Itaungua nyumba kwanza."

Kisha akanipeleka nje kwenye kona ya bafu. Pale waya wa ethi wa nyumba nzima ulikuwa umefungwa kwenye bomba la maji, kama ilivyokuwa ikifanyika zamani. Mabomba yalipokuwa ya chuma na yanapita chini ya ardhi, umeme ukivuja ulikuwa na pa kwenda. Lakini sisi tulibadilisha mabomba na kuweka ya plastiki, tukabakiza kipande cha chuma kama cha futi tatu ukutani. Waya umebaki umekishika kipande hicho, nacho hakigusi ardhi popote. Aliyebadilisha mabomba hakujua kwamba anakata ethi, na sisi hatukujua.

Hapo ndipo nilipoielewa ile friji. Friji haikuwa na kosa lolote! Kilichokuwa kinavuja ni jiko la sahani la chumba cha tano. Umeme wake uliingia kwenye waya wa kijani, ambao ndio wa ethi, ukakosa njia ya kushuka ardhini, ukatembea kwenye nyaya za kijani za vyumba vyote, ukitafuta mtu aliye peku. Fundi wa kwanza alipoukata ule wa friji, aliiondoa friji tu kwenye mkumbo. Pasi ya chumba cha pili ikabaki inasubiri mtu.

Darini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nyaya za zamani zimevikwa mpira, na mpira ukikauka miaka yote hiyo unadondoka kama maganda ya karanga. Panya nao walikuwa wamefanya yao. Mabomba ya chuma yanayopitisha nyaya ukutani yameliwa na kutu, na kwa upepo wetu huu wa bahari sishangai. Alipima kwa mashine wanayoiita mega, ambayo inaonyesha kama waya bado unazuia umeme kuvuja. Inatakiwa isipungue megaomu 1. Laini ya vyumba vya kushoto ilisoma 0.2.

Akaniambia wazi kwamba kuziba viraka hapa ni kupoteza hela. Akahesabu pointi 34, yaani sehemu za taa, swichi na soketi, kwa 12,000 kila moja, yaani ufundi 408,000. Vifaa vilifika kama 1,350,000. Ni fedha nyingi, na wadogo zangu walilalamika. Niliwapigia simu ya video, nikawaonyesha ile fyuzi.

Vifaa tulikwenda kununua pamoja, na hili nawaomba msiliache. Duka la kwanza walitupa rola ya bei nafuu. Fundi akatoa wembe, akaukwangua uzi mmoja taratibu. Juu ni rangi ya shaba, ndani ukatoka mweupe: alumini iliyopakwa shaba. Akairudisha bila kugombana, tukahamia duka jingine. Tulichukua milimita 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na 6 kwa laini ya jiko la umeme, kwa sababu birika la wati 2,000 peke yake linavuta karibu ampea 9, na wapangaji wangu walikuwa wanachomeka birika, jiko na pasi kwenye ekstensheni moja.

Aliyoyafanya: bodi mpya yenye sakiti breka kwa kila chumba, RCD ya miliampea 30 ambayo inakata umeme mara tu unapovuja, na fimbo ya ethi aliyoigongomelea karibu na bafu, mahali ambapo udongo una unyevu wakati wote. Alikuta pia swichi mbili zinazokata waya mweusi, unaorudisha umeme, badala ya mwekundu unaouleta, maana yake taa ilikuwa inazimika lakini holda bado ina umeme. Sili ya TANESCO kwenye mita hakuigusa, alisema mpaka wa kazi yake unaanzia baada ya mita.

Sasa malalamiko yangu. Aliahidi siku nne, akamaliza siku ya saba, na siku moja hakutokea wala simu hakupokea. Kuta alizochimba alizipiga plasta kiholela, ilibidi nimlipe fundi mwashi 60,000 kuzisawazisha. Vumbi liliingia hadi kwenye magodoro ya wapangaji, na hakuwaonya wafunike vitu vyao. Risiti ya ufundi nayo niliidai mara tatu.

Lakini siku ya mwisho alirudia vipimo vyote mbele yangu, akaniandikia namba za kila laini kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa bodi, pamoja na jina la chumba kando ya kila breka. Akanifundisha kubonyeza kitufe cha majaribio cha RCD kila mwezi. Lile jiko la chumba cha tano lilipochomekwa tena, RCD ikakata papo hapo. Mwenye jiko aliudhika, nikamwonyesha kwa nini, na kesho yake akalipeleka kutengenezwa.

Ningemwita tena? Nimeshamwita. Pampu ya maji ya uani bado inatumia waya wa zamani kwa sababu hela iliisha, na nimepanga naye aje mvua za masika zikipita. Mpaka hapo pampu imechomolewa, na maji tunateka kwa ndoo.