Nililipia jimu mwaka mzima Malindi, nikaenda siku 19: uzoefu wangu

Januari ya mwaka juzi nilitoa shilingi 24,000 kwa mkupuo, nikalipia uanachama wa mwaka mzima katika jimu moja hapa Malindi. Mwaka ulipokwisha, jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye daftari la mapokezi mara 19. Mimi ni karani wa hesabu, sikuhitaji kalamu kugawanya: kila nilipovuka mlango ule nilikuwa nimelipa shilingi 1,263. Na juu ya meza ile ile niliyolipia pana bango linalosema siku moja ni shilingi 300.

Ofa za mwaka mpya zimeanza tena kuingia kwenye simu, na wenzangu wawili kazini wamenijia kuuliza wajiunge au waache. Nimewaambia wajiunge. Mazoezi yamenifaa na nitaeleza yalivyonifaa. Lakini kwa sisi tunaokula kutokana na hoteli, Januari ndio mwezi mbaya kuliko yote wa kulipia mwaka, na hilo hakuna tangazo litakalokwambia.

Kilichonipeleka ni presha. Kichwa kilinigonga wiki nzima, nikaenda kupimwa, mashine ikasoma 148 kwa 94. Daktari alinianzishia dawa, kisha akaniuliza, "Mama, kazini unakaa, kwenye tuktuk unakaa, nyumbani ukimaliza kupika unakaa. Unasimama saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Tunapofunga hesabu za mwisho wa mwaka kuna siku naingia ofisini saa moja asubuhi na kutoka saa mbili usiku. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu yake siku mbili au zaidi za kuipa misuli kazi. Nilikuwa mbali sana na hapo.

Najua kuna atakayesema ufuo huo hapo, bure, wa nini kulipia? Nilianza na ufuo. Maji yakitoka, mchanga unakuwa mgumu na unatembea mpaka uchoke kwa raha yako. Yakijaa, unabaki na kijia cha mchanga laini unaokumeza mguu hadi kifundoni. Na maji hayamngoji mtu atoke kazini. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukiyakuta yametoka saa kumi na moja jioni wiki hii, wiki ijayo saa ile ile yamejaa. Mvuvi hupanga siku zake kwa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, na ni haki yake. Mimi nilitaka kitu ambacho kila jioni kiko pale pale, saa ile ile, na ambapo mwanamke peke yake hahesabu dakika za kuingia giza.

Jimu yenyewe iko orofa ya kwanza, juu ya maduka. Ukumbi mmoja mrefu, madirisha pande mbili, mapangaboi manne, mashine tatu za kukimbilia, baiskeli mbili za kusimama, na upande wa pili vyuma. Hivi vyuma lazima nivitaje. Upepo wetu una chumvi, na chumvi inakula chuma. Kiache wiki moja bila kufutwa, ukikishika kiganja kinatoka na rangi ya matofali. Kila asubuhi kijana wa usafi huketi sakafuni na kitambaa na mkebe wa mafuta, anafuta chuma kimoja kimoja, halafu anachukua mswaki wa zamani na kuchokoa ndani ya tarakimu za kilo pale kutu inapopenda kujificha. Benchi la kulalia lilichanika ngozi, likashonwa na fundi wa viatu kwa uzi mweupe, mshono umenyooka kama rula. Mahali panapotunzwa hivi panakupa moyo wa kurudi. Stima ikipotea jenereta huwasha taa tu, mashine ya kukimbilia inasimama ghafla, kwa hiyo uwe karibu na vishikio.

Kocha ndiye sababu ya mimi kuwa bado naenda. Siku ya kwanza hakunipa chuma chochote. Alinikalisha kwenye benchi, akaniambia nisimame bila kushika magoti, niketi, nisimame tena, mara kumi. Nilifika sita, mapaja yakatetemeka. Akasema, "Basi dada, leo ni sita," akaandika sita kwenye daftari lake dogo. Aliposikia habari ya presha aliniambia nisibane pumzi ninapoinua kitu, niitoe wakati ule ule ninaoinua, na hadi leo nikinyamaza huja karibu kusikiliza kama napumua.

Sasa, vipi mtu aliyependa mahali hivyo akaenda siku 19 tu?

Tazama kalenda yetu. Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, ndio msimu. Wageni wamejaa, ovataimu ipo, bakshishi zinaonekana. Kwingine Kenya mwezi wa kwanza unaitwa Njaanuari kwa jinsi karo inavyokausha mifuko. Mfanyakazi wa hoteli wa Malindi hata baada ya karo huwa na kilichobaki. Asichokuwa nacho ni muda. Aprili mvua zinaingia, kusi inaanza, hoteli nyingine zinafunga kabisa mpaka Julai na watu wanarudishwa majumbani. Mei una jioni nzima mbele yako na mfukoni hamna kitu. Kwa hiyo nilipolipa Januari nilijiona nina akili sana: nilipe sasa nikiwa nazo, nitumie Mei nikiwa na nafasi. Nilichosahau ni kwamba jimu nayo inaishi kwa msimu ule ule.

Januari hadi kuandama kwa Ramadhani nilikwenda mara nane, nyingi nikiwa nimechoka tayari. Ramadhani nilikwenda mara tatu, kabla ya futari, koo limekauka, kwa sababu jimu ilikuwa inafungwa magharibi, wakati hasa mfungaji anaporudiwa na nguvu. Mei nikajikaza: mara nane ndani ya wiki tatu. Halafu nikafika jioni moja na begi langu, nikakuta zamu ya wanawake, zile saa zetu peke yetu, haipo. Wanachama walikuwa wamepungua, wakaamua kuunganisha saa, na hakuna aliyetupigia simu. Nyuma ya mlango wa chumba chetu cha kubadilishia kuna misumari saba ya kutundikia mabuibui. Siku hiyo ilikuwa na mashati ya wanaume nisiowajua.

Nguo zangu za mazoezi ni za kuvaliwa mbele ya wanawake, na sikujiunga kwa siri. Zamu ile ndiyo niliyolipia. Nikaomba uanachama wangu usimamishwe hadi irudi. Kijana wa mapokezi alinijibu kwa adabu, "Samahani sana dada, ada ya mwaka hairudishwi wala haisimamishwi," akageuza risiti kunionyesha mstari wa herufi ndogo, na chini yake sahihi yangu. Zamu ilirudi Agosti, wageni waliporudi, na mimi kazi zikarudi pamoja nao. Limeniuma, na linaniuma bado, kwa sababu wanawake wengi tulioachwa nje siku ile hawakurudi kabisa. Mmoja wao alikuwa ametoka kujifungua na ndio kwanza alikuwa anapata nguvu ya mgongo.

Kwa muda mrefu nilijilaumu peke yangu, mpaka niliposoma habari za utafiti wa wanauchumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, uliochapishwa 2006. Walifuatilia wanachama 7,752 wa jimu tatu za Marekani kwa miaka mitatu. Waliochagua kulipa ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walikwenda kwa wastani mara 4.3 kwa mwezi, yaani kila siku iliwagharimu zaidi ya dola 17, na pale pale palikuwa na pasi ya siku kumi iliyowapa siku moja kwa dola 10. Nilisoma nikaona ni daftari letu la mapokezi. Siku ya kulipa kila mtu anajiona atakuja mara nne kwa wiki.

Hesabu ya hapa kwetu iko hivi. Ada ya mwezi ni 3,000, kwa hiyo usipofika siku kumi katika mwezi, ungelipa mia tatu tatu ukaokoa. Ada ya mwaka inakuwa nafuu ukishapita siku 80. Themanini zinasikika chache, lakini ondoa Ramadhani, ondoa msimu, ondoa mvua kubwa, ondoa wiki ya mtoto kuugua, halafu uhesabu tena zilizobaki.

Mwaka uliofuata nilianza upya kwa mia tatu mkononi, na nikawa natazama wenzangu. Jumatatu unapanga foleni ya benchi, Alhamisi unachagua. Watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis waliandika 2014 kwamba watu huenda jimu zaidi mwanzo wa wiki, mwanzo wa mwezi na mwanzo wa mwaka, na hapa mwanzo wa mwezi una nguvu maradufu kwa sababu ndipo mishahara imeingia. Mabibi harusi wanakuja Shaaban, kabla ya Ramadhani, wakilenga harusi za Mfungo Mosi, baada yake, wanafanya kazi kweli kweli, na baada ya fungate huwaoni. Vijana wa bodaboda wanaingia alfajiri wakitoka msikitini, nusu saa, vyuma tu, wanakwenda zao, hao hawakosi. Na kuna wazee wa Kiitaliano, wanne au watano, wanaokuja saa mbili asubuhi na taulo zao begani. Wanafika Desemba, wanaondoka Machi, na wanalipa miezi minne tu. Nilijifunza kwao. Mtu anayejua tarehe yake ya kuondoka halipii miezi ambayo hatakuwepo, na mimi tarehe zangu nilikuwa nazijua toka zamani, sikuziweka tu kwenye hesabu.

Kilichonibadilisha hasa ni shoga yangu wa jikoni kwenye hoteli yetu. Tulikubaliana tuktuk moja, nauli nusu kwa nusu. Siku nisipotaka kwenda, yeye amekwisha kufika langoni ananisubiri, na siku asipotaka yeye, nasubiri mimi. Nilikuwa nimesoma pia kwamba mtafiti Philippa Lally na wenzake kule London walipowafuatilia watu wanaojenga mazoea mapya, iliwachukua kwa wastani siku 66 kitu kiwe kinajifanya chenyewe, wengine siku 18, na kwa makadirio wengine hadi 254. Kwangu mimi ilikuwa karibu miezi mitano. Nakumbuka jioni yenyewe: shoga yangu alikuwa amesafiri kwenda msibani Mambrui, hakuna wa kunisubiri, na nikajikuta niko ngazini nimeshika begi bila kushauriana na nafsi.

Mwaka huo nilikwenda mara 88. Siku 28 za mwanzo nililipa mia tatu tatu, jumla 8,400. Kisha jimu ikaleta kadi ya siku kumi kwa 2,500, inayodumu miezi mitatu, nikanunua sita, 15,000. Jumla 23,400, chini ya nilizotoa mwaka wa kwanza, na kila siku imenigharimu shilingi 266. Mei, pesa zilipokata, sikununua kadi na hapakuwa na mtu wa kunidai. Kunyanyuka kwenye benchi sasa nafanya mara thelathini nikiwa nimekumbatia kilo nane. Uzito umepungua kilo nne tu, nilitarajia zaidi. Presha mara ya mwisho ilisoma 131 kwa 84. Dawa sijaacha na sitaacha bila daktari kusema.

Nawapa nyota tatu na nusu. Kocha peke yake ningempa tano, na kijana wa mswaki naye. Lazima niseme pia kwamba wamesikia: sasa aliyelipa mwaka anaruhusiwa kusimamisha mwezi mmoja, na Ramadhani wanafungua baada ya tarawehe, saa nne hadi saa sita usiku. Nyota na nusu nimeishikilia kwa mambo mawili. Masharti ya ada bado yako nyuma ya risiti, unayaona ukishalipa, na ninaomba yawekwe ukutani kando ya lile bango la bei. La pili ni zamu ya wanawake: haijaandikwa popote kwamba haitafutwa tena wageni wakiondoka. Nimeuliza mara mbili, nimeambiwa "tutaangalia."

Kwa dada anayetaka kuja: zamu yetu kwa sasa ni Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili jioni. Beba maji na taulo yako, na kufuli dogo la kabati. Alhamisi na Ijumaa asubuhi kocha ana nafasi ya kukaa na mgeni akampima, ukimwambia mapema. Siku ya kwanza njoo na mia tatu tu, uache kadi ya benki nyumbani.