Kamusi nene isiyo na kitenzi "make"

Siku ya kwanza nilipoifungua Oxford Collocations Dictionary, kamusi ya Kiingereza inayoonyesha neno gani huandamana na lipi, nilikwenda moja kwa moja kwenye herufi M kutafuta kitenzi "make", ambacho huwasumbua wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kuliko kingine chochote, na sikukiona. Nikatafuta "do", nacho hakikuwamo. Nilidhani nimeuziwa nakala yenye upungufu, jambo lisilo geni kwa sisi tunaonunua vitabu vilivyotumika, mpaka niliposoma utangulizi, ambamo wahariri wanaeleza kwamba vitenzi hivyo vimeachwa kwa makusudi. Kwa mtazamo wao "make" ni mfuasi wa maneno mengine. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kosa huandamana na "make" au na "do" sharti aanzie kwenye nomino "mistake", na hapo jibu atalipata mara moja.

Uamuzi huo uliniudhi kwa wiki moja hivi, kisha nikauona kuwa ndio ubora mkubwa wa kamusi hii. Sisi wenyewe tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga mswaki na tunapiga chafya, na hakuna awezaye kueleza maana ya "piga" katika orodha hiyo kabla ya kutaja kinachopigwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili akianza na "piga" atapotea njiani, lakini akianza na "pasi" atafika.

Kamusi hii ilichapishwa kwanza na Oxford University Press mwaka 2002, ikatoka tena mwaka 2009. Toleo la pili, ambalo ndilo langu, lina vidahizo, yaani maneno yaliyopewa maelezo yake, vipatavyo 9,000 na zaidi ya miungano 250,000 ya maneno, na limekipa nafasi Kiingereza cha Marekani pamoja na kile cha Uingereza. Chini ya kila nomino utakuta vivumishi vinavyoipamba, vitenzi vinavyoitangulia, vile vinavyoifuata, kisha vihusishi. Chini ya kitenzi utakuta hasa vielezi na vihusishi vyake.

Mfano mzuri ni "agree". Vielezi vinavyoonyesha mtu ameafiki kabisa, kama "completely", "entirely" na "wholeheartedly", vimekusanywa mahali pamoja, na vile vya kuitikia ombi, kama "readily" na "reluctantly", vimewekwa kando kwa sababu maana ya kitenzi hapo imebadilika. Baada ya hapo vinakuja vihusishi, na hapa ndipo mwalimu wa Afrika Mashariki anapopata faida ya fedha yake. Mwanafunzi wetu amezoea kukubaliana na mtu, kukubaliana na hoja na kukubaliana na pendekezo, yote kwa "na" ileile, ilhali Kiingereza humtaka aseme "agree with" kwa mtu au maoni yake, "agree to" kwa pendekezo, na "agree on" kwa jambo lililoamuliwa na pande zote. Kiswahili kazi kama hiyo huifanya mara nyingi kwa mnyambuliko: anayehama Morogoro huhamia Dodoma, na irabu moja tu ndiyo inayotuonyesha anakotoka na anakokwenda. Mtu aliyelelewa na lugha ya namna hiyo hana sababu ya kuvitilia maanani vijineno vidogo vinavyokaa nje ya kitenzi, na sidhani kama ni haki kumwita mzembe.

Kosa la "discuss about" ni la ukoo huohuo. Nimelisahihisha kwa wino mwekundu miaka mingi, hata katika barua za walimu wenzangu, bila kuweza kuonyesha mahali palipoandikwa kuwa ni kosa. Kamusi hii nayo hailikatazi. Inataja tu "with" chini ya kitenzi, na "about" inaiweka kwenye nomino "discussion". Kuziona kurasa hizo mbili kwa pamoja kuliwasaidia wanafunzi kuliko maelezo yangu yote.

Udhaifu wake ni kwamba haielezi maana za maneno, wala haisemi kielezi kimoja kinatofautianaje na jirani yake. Mwanafunzi wangu mmoja alikuta "profusely" chini ya "apologize", akalipenda, akaandika "I am profusely sorry", kwa kuwa hakuna kilichomwonya kwamba neno hilo huandamana na kitenzi na halihamishiki kwenye kivumishi. Kwa hiyo sishauri mtu amnunulie mtoto wa kidato cha kwanza, ambaye amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na bado anahitaji kamusi ya kawaida. Wanaofaa ni walimu, wanafunzi wa kidato cha tano na kuendelea, wafasiri, na yeyote anayeandika ripoti kwa Kiingereza. Diski inayoambatana na toleo la pili siwezi kuisifu wala kuilaumu, kwani kompyuta yangu haina pa kuitia.

Anayenunua kutoka kwa wauza vitabu vya mitumba na aikague vizuri kabla ya kulipa. Nakala yangu ya kwanza iligeuka kuwa ya kudurufu, na kurasa kadhaa baada ya "mistake" zilikuwa nyeupe pe.