TAHADHARI: Fundi anayezunguka Mjini mpaka Bububu, Unguja, "kubadilisha" altaneta na betri za magari ya zamani

Assalamu alaykum ndugu zangu. Wenye Escudo, Noah na RAV4 za zamani nisomeni vizuri, hasa mnaokaa karibu na bahari. Kuna mtu ukimwita anakuja mpaka mlangoni, ugonjwa wa gari anautaja kwa dakika tano, na akiondoka anaondoka na altaneta yako (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) ingali nzima. Mie kanichukulia altaneta na betri, na shilingi 430,000 juu yake. Jina lake siliandiki hapa, malalamiko nimeshayapeleka polisi. Ninachotaka mjue ni namna anavyofanya.

Gari yangu ni Escudo ya 1997. Asubuhi moja nimetia ufunguo, ikatoa tak-tak-tak-tak ya harakaharaka na taa za dashibodi zikafifia. Mke wangu alikuwa na kliniki Mnazi Mmoja saa mbili, nikapiga namba niliyopewa barzani. Akaja na pikipiki, akaibusti gari kwa betri yake, ikawaka. Kisha, injini ikiwa inaunguruma, akachomoa waya wa hasi kwenye betri. Gari ikazima. "Umeona mwenyewe, altaneta imekufa na betri imekwenda nayo." Nami nilikuwa nimeona kwa macho yangu, nikamwamini.

Kipimo hichi ndugu zangu msikikubali kwa mtu yeyote. Mtoto wa ami yangu anayekaa Fuoni alifanyiwa hivyo hivyo na mtu huyo huyo. Gari yake haikuzima, akaambiwa altaneta "inachaji kidogo, haifiki mwezi". Ikizima mbovu, isipozima mbovu! Na kina madhara yake. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari. Ukiichomoa ghafla wakati altaneta inachaji, volti zinaruka juu na zinaweza kuunguza dayodi za altaneta (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), hata kompyuta ya injini.

Nikafungiwa altaneta "kutoka Japani" na betri "mpya". Vya zamani akavitia kwenye gunia, akasema ni vyuma chakavu, anakwenda kunitupia. Siku ya tisa gari ikarudi tak-tak-tak. Simu yake haipokewi.

Aliyeniokoa ni mzee wetu wa jirani, aliyefanya kazi ya umeme melini miaka mingi. Alikuja na mita ndogo, hizi zinazouzwa hata Darajani, wala hakushika spana kwanza. Betri iliyolala usiku kucha bila kuguswa, ikiwa imejaa, inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.0 imekaribia kwisha. Yangu ilisoma 11.8. Tukaibusti, tukawasha taa kubwa, akapima kwenye altaneta yenyewe, baina ya nguzo yake ya chanya na bodi yake: 14.2. Nzuri, maana inatakiwa iwe kama 13.8 mpaka 14.5. Akapima kwenye betri: 12.8. "Mwanangu, volti 1.4 zinapotea njiani. Tuitafute njia."

Akaweka mguu mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwengine kwenye chuma cha injini. Hapo hapatakiwi kuzidi volti 0.2 au 0.3, hata wakati wa kupiga stata. Palisoma 1.2. Waya wa hasi, unaotoka betri kwenda kwenye injini, kwa nje ulikuwa safi kabisa, lakini alipouvua ngozi, shaba yote imekuwa unga wa kijani. Chumvi ya bahari. Mimi nakaa Bububu, gari inalala nje kaskazi na kusi, miaka mingapi! Umeme wa kwenda kwenye stata na umeme wa kurudi kuchaji betri vyote vinapita hapo, ndiyo maana gari ilionesha maradhi mawili kwa wakati mmoja. Waya mpya ulinigharimu shilingi 12,000. Dawa ya gari yangu tangu siku ya kwanza ilikuwa hiyo, na yule mtu hakuugusa waya ule hata kwa kidole.

Haikuishia hapo. Kesho yake betri ilikuwa chini tena. Mzee akaja alfajiri, akashika altaneta kwa mkono: ya moto, na gari haijawashwa tangu magharibi. Akapima umeme unaovuja, ampea 0.8, wakati gari iliyolala haitakiwi kuvuta zaidi ya 0.05 hivi. (Mita ikiwa kwenye ampea msipige stata, itaungua.) Dayodi ya altaneta ile ilikuwa inavujisha, inainyonya betri usiku kucha. Tulipoifungua, chini ya rangi ya kupuliza mlikuwa na kutu. Na betri "mpya" ilikuwa na stika juu ya stika, tarehe imekwaruzwa, vichwa vyake vya risasi vimejaa alama za kubanwa.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Miaka miwili nyuma fundi wa Mwanakwerekwe alinibadilishia kaboni za altaneta yangu, akagonga vitone vitatu nyuma yake kwa msumari ili asiichanganye na za wengine. Ijumaa baada ya sala nilikuwa Fuoni, tukafungua boneti ya Escudo ya mtoto wa ami yangu tuangalie alichouziwa. Vitone vitatu. Altaneta yangu "iliyokufa" aliuziwa yeye kwa shilingi 250,000, na tulipoipima ilisoma 14.3. Mtu huyu hanunui kitu popote. Anatuuzia vyetu sisi kwa sisi.

Kwa hivyo gari ikigoma, msikimbilie simu. Fungua waya za betri, hasi kwanza, sugua kwa msasa mpaka ing'ae, kaza, paka grisi. Washa taa kubwa kisha piga stata: zikififia sana, shaka iko kwenye betri au waya, zikibaki na mwanga wake na stata kimya, angalia stata na waya wake. Na ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha, taa nyekundu ya betri lazima ionekane. Isipowaka, huenda ni balbu tu, na kwenye magari mengi ya zamani balbu hiyo ikikatika altaneta inaweza isianze kuchaji. Watu wamenunua altaneta kwa ajili ya balbu.

Mtu akikwambia kitu kimekufa, akuoneshe namba kwenye mita mbele yako. Cha zamani kibaki kwako hata kama ni chakavu, na kitie alama kabla hakijafunguliwa.

Altaneta ya mtoto wa ami yangu bado haijaonekana. Feni yake ina ubawa mmoja uliopinda, na ubavuni ina mabaki ya rangi ya buluu. Mwenye Escudo aliyefungiwa altaneta na mtu aliyekuja nyumbani kwa pikipiki, naomba afungue boneti aangalie.