Kigari cha kujifunzia kutembea: ununue kipi, ukiache kipi dukani

Mzazi anayepita Kikuubo au Owino jijini Kampala hukuta vigari vya plastiki vyenye kiti cha kitambaa katikati na magurudumu chini, na muuzaji humwapia kwamba mtoto atakayekalia humo atatembea mapema. Si kweli. Mtoto huyo hujisukuma kwa ncha za vidole, haioni miguu yake wala hajifunzi kujisawazisha, hivyo huenda hata akachelewa.

Chaguo la kwanza kwangu ni mkeka mpana, ambao pengine tayari unao nyumbani. Hapo mtoto hulala kifudifudi akiwa macho, hutambaa, kisha hushika kochi na kusimama.

La pili ni kizimba cha mbao cha mtoto kuchezea ndani, ambacho seremala wa Ndeeba au Nsambya anaweza kukutengenezea. Sisitiza kwamba nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, na ukipapase chote kutafuta misumari na vibanzi kabla ya kulipa.

La tatu ni kigari cha kusukuma kwa mikono, kwa mtoto anayesimama tayari. Chagua kizito upande wa chini, kisichoteleza kwa kasi kinapoegemewa.

Kile cha kukalia nakiweka mkiani, na ningependa kukiondoa kabisa. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Nchini Marekani, kati ya 1990 na 2014, watoto zaidi ya 230,000 walitibiwa hospitalini kwa majeraha yaliyotokana navyo, wengi wakiwa wameumia kichwa au shingo, na takriban robo tatu walikuwa wameporomoka ngazini. Usitegemee macho yako: kigari hicho huweza kwenda zaidi ya mita moja kwa sekunde, na mama aliyeinama kuangalia matooke yake hawezi kukiwahi. Nyumba zetu za vilimani zina vidato barazani, sigiri ya makaa huwekwa sakafuni, na mtoto aliyeinuliwa kitini hufikia kikombe cha chai ya moto ambacho angekuwa anatambaa asingekigusa.

Ukizawadiwa kimoja, pokea kwa shukrani, kisha ung'oe magurudumu yote. Usimpe jirani kikiwa bado kinatembea.