PS2 au PS3 kwa kibanda cha gemu Mwanjelwa?

Kwa kibanda kinachoanza, chukua PS2 nyembamba, toleo lililoanza 2004. Inatumia volti 8.5 kupitia adapta ya nje. Adapta ikiungua, unanunua adapta tu. Waya wa njano, nyeupe na nyekundu unaingia hata kwenye TV ya chogo. Adui yake ni vumbi la kiangazi cha Mbeya: likiganda kwenye lenzi, diski hazisomeki. Ifute taratibu kwa pamba yenye alkoholi kidogo, bila kukandamiza, maana lenzi imening'inia kwenye nyaya nyembamba mno.

PS3 nyembamba ya 2009 ina picha safi zaidi, hilo halina ubishi. Tatizo ni umeme. Ukikatika ghafla, ukiwasha tena mashine hutaka kukagua diski yake ya ndani kwanza, wateja wakisubiri. PS2 huwaka moja kwa moja, na michezo iliyohifadhiwa hukaa kwenye kadi ya megabaiti 8 (usikate umeme inapoandika tu). Pedi za PS3 hazina waya, ila lazima uzichaji.

PS3 nene za mwanzo ziache kabisa: zinapata joto, zinawaka taa ya njano, zinazima.