Gemu za mtandaoni kwa mtu mwenye muda wa saa moja tu jioni: ipi ununue, ipi uiache dukani

Nilikuwa na upanga. Niliuhangaikia wiki tatu, usiku baada ya usiku, nikiua mazimwi yaleyale ya bonde lilelile, na siku nilipoupata nilipiga picha ya skrini. Kisha kazi zikanibana. Niliporudi baada ya wiki sita sasisho jipya lilikuwa limetoka, na muuza duka wa kijiji cha kwanza alikuwa anagawa upanga mkali kuliko wangu kwa kila aliyepita mlangoni. Gemu yenyewe siitaji. Ila tangu siku hiyo, kabla sijatoa hela yangu, najiuliza swali moja: nikipotea miezi miwili, nitakuta nini nikirudi?

Swali hilo ndilo lililopanga orodha hii. Sikuangalia uzuri wa picha wala wingi wa wachezaji. Nazungumzia gemu za kuigiza uhusika mtandaoni, zile ambazo unaumba mhusika wako na kuingia naye kwenye dunia iliyojaa watu wengine, mnapigana, mnachimba madini, mnauziana, na dunia hiyo inaendelea hata ukizima kompyuta. Wenye muda mwingi washaandikiwa vya kutosha. Huu ni mwongozo wa anayepata muda wa saa moja tu jioni, tena si kila jioni.

1. Guild Wars 2

Ilitoka Agosti 2012, na kiwango cha juu kabisa ambacho mhusika wako angeweza kufikia kilikuwa 80. Leo bado ni 80. Nyongeza, yaani sehemu mpya za gemu zinazouzwa baadaye, zimefuatana na hakuna hata moja iliyokipandisha, na vifaa (silaha na mavazi) vya daraja la Ascended, vilivyoingia mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2012, mpaka sasa hakuna vinavyovizidi nguvu. Mitindo ya kupigana hubadilika, kweli, na unaweza kurudi ukakuta silaha uliyoipenda imepunguzwa makali kidogo. Lakini jasho lako halifutwi. Ada ya mwezi haipo na haijawahi kuwepo.

Hayo peke yake yangetosha kuiweka juu, lakini kilichonishika mimi ni jinsi inavyompokea mtu katikati ya shughuli. Unapita zako barabarani, duara la rangi ya chungwa linatokea kwenye ramani: kijiji kimevamiwa. Huombi kujiunga, hakuna anayekuuliza una uzoefu gani. Unapiga unavyoweza, vita vikiisha unalipwa kwa ulichochangia. Mwamba wa madini ukiuchimba wewe, mimi nikifika naukuta mzima. Ukianguka, mpita njia yeyote anaweza kukuinua, na anapata alama za uzoefu kwa kufanya hivyo, kwa hiyo watu wanakukimbilia badala ya kukuruka. Katika gemu nyingi za zamani ukimwona mchezaji mwingine karibu na mwamba wako unakunja uso. Hapa unafurahi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaonunua pamoja na rafiki hawalifikirii mapema. Mwenye kiwango cha 80 akiingia bonde la wanaoanza, gemu inamshusha nguvu zilingane na bonde hilo. Basi wewe mwenye wiki moja na mwenzako mwenye miaka kumi mnaweza kushinda pamoja na vita vikawa vita kwenu nyote. Kwingine mkongwe hukuvuta kama mzigo, anaua kila kitu kwa pigo moja nawe unaokota mabaki.

Namna ya kununua: gemu ya msingi ni bure tangu 2015, kwa hiyo anza hapo bila kutoa chochote. Akaunti ya bure ina mipaka kwenye mazungumzo, biashara na idadi ya wahusika, na mipaka hiyo inaondoka ukinunua nyongeza yoyote. Ningeanza na Heart of Thorns pamoja na Path of Fire. Hii ya pili, ya 2017, ndiyo iliyoleta wanyama wa kupanda, na sijaona gemu nyingine ambayo mnyama anahisi ana uzito wake, anajiandaa kuruka, anateleza kwenye kona. Lalamiko langu ni kwamba hadithi imekatwa vipande: kati ya nyongeza na nyongeza kuna misimu, sura za hadithi zinazouzwa peke yake, na asiyejua anaruka sura nzima kisha anashangaa huyu aliyekufa ni nani. Sarafu za ndani ya gemu zinaweza kubadilishwa kuwa vito vya dukani, hivyo mwenye subira ananunua misimu hiyo bila kutoa hela mfukoni. Na inataka Windows. Wenye Mac waliachwa.

2. Final Fantasy XIV, ila anza na jaribio la bure

Hii ilizaliwa vibaya. Ilitoka 2010, ikachukiwa, watengenezaji wake Square Enix wakaizima 2012 na kuirudisha upya Agosti 2013 kwa jina la A Realm Reborn. Kiongozi wake, Naoki Yoshida, amekuwa akiwaambia wachezaji waziwazi kwamba wakimaliza kipya kilichotoka waende wakacheze gemu nyingine, warudi kukiwa na jipya. Sijui wauzaji wangapi wa kitu chenye ada ya mwezi wanaothubutu kusema hivyo.

Jaribio lake la bure halina kikomo cha siku. Tangu Oktoba 2023 linafungua gemu ya msingi na nyongeza mbili nzima, Heavensward na Stormblood, hadi kiwango cha 70. Kwa mtu wa saa moja jioni hiyo ni miezi mingi ya hadithi, pengine mwaka. Unachonyimwa ni soko la wachezaji, na mkoba wako wa fedha hauvuki gil 300,000. Kwa anayefuata hadithi hilo halimuumizi sana.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hujikwaa. Ukishanunua gemu kamili kwa akaunti hiyo, hurudi tena kwenye jaribio. Siku usajili wako ukiisha, mlango unafungwa wote, hata ule uliokuwa unaingia bure jana. Kwa hiyo usinunue kwa sababu ya punguzo la msimu. Nunua siku umefika ukingoni mwa Stormblood na bado una hamu. Na ukiichukua kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, nyongeza zote za baadaye utazinunua Steam, amua mapema.

Mhusika mmoja anaweza kujifunza kazi zote, za upanga, za uganga, za uvuvi, za useremala, kwa hiyo huanzi upya kila ukichoka. Mapango ya hadithi kuu unaweza kuingia na wenzako wanaoendeshwa na kompyuta badala ya watu, jambo linalomwokoa mwenye mtoto anayeweza kuamka wakati wowote. Udhaifu wake ni mwanzo. Hadithi ya A Realm Reborn inatembea kama konokono hata baada ya kupunguzwa 2020, na hakuna njia halali ya kuipita bila kulipia. Na nyumba: ukifanikiwa kupata kiwanja kwenye bahati nasibu yao, usipoingia ndani siku 45 kinaweza kubomolewa. Huko ndiko gemu hii inayojali wanaoondoka inaposahau ilichosema. Asiyeweza kuahidi kurudi aishi bila nyumba.

3. The Elder Scrolls Online

Ilitoka Aprili 2014 na ada ya lazima, ada ikaondolewa Machi 2015, na Oktoba 2016 wakafanya lililo kubwa zaidi: wakavunja kuta za viwango. Tangu hapo unaweza kwenda popote siku yako ya kwanza, na kila kijiji kina kisa chake chenye mwanzo na mwisho, kimesomwa kwa sauti za waigizaji. Kisa kimoja kinatosha jioni moja. Vifaa vya juu vimebaki kwenye kiwango kilekile tangu 2016, kwa hiyo mtihani wangu wa miezi miwili inaupita bila shida.

Shida ni mkoba. Unaokota mbao, ngozi, unga, mawe ya kila aina, na vyote vinajaa. ESO Plus, usajili wa hiari, unakupa mfuko wa malighafi usio na mwisho. Fanya hivi: nunua gemu ya msingi tu, cheza mpaka mkoba ukukere, kisha lipia mwezi mmoja ule wenye likizo. Tia malighafi yote kwenye mfuko huo, pita kwenye nyongeza za zamani zinazofunguka na usajili, halafu sitisha. Malighafi iliyoko mfukoni utaendelea kuitoa. Kuongeza tu ndiko hutaweza. Ulichonunua upande wa PlayStation hakikufuati kwenye kompyuta, basi nunua waliko wenzako. Masanduku ya bahati nasibu ya dukani yaache yalivyo.

4. Old School RuneScape

Picha zake ni za zamani kwa makusudi: ni nakala ya gemu jinsi ilivyokuwa Agosti 2007, iliyofunguliwa tena 2013. Sababu ya kuwa hapa ni simu. Tangu Oktoba 2018 inachezwa kwenye simu kwa akaunti ileile ya kompyuta, ni nyepesi, na kuna shughuli kama uvuvi unazoweza kufanya jicho moja likiwa kwingine. Mabadiliko makubwa hupigiwa kura na wachezaji wenyewe, kwa hiyo dunia uliyoiacha ndiyo utakayoikuta.

Lakini ujue unachoingia. Kufika kiwango cha 99 katika ujuzi mmoja kunataka alama za uzoefu 13,034,431, na ukiwa kiwango cha 92 ndiyo kwanza uko nusu ya njia. Kuna wanaoliwazwa na hesabu hiyo na kuna wanaoikimbia. Sehemu ya bure itakuonyesha mapema wewe ni yupi.

5. World of Warcraft

Najua kuna watakaonikasirikia. Ya 2004, mama wa nyingi hapa, na bado mapigano yake yanaitika kidole kuliko yote. Tena wameanza kumfikiria mtu wa muda mfupi: tangu 2024 kuna Delves, mapango mafupi unayoingia peke yako na mwenzako wa kompyuta. Kinachoishusha ni saa inayohesabu. Ada inakwenda ukiingia usiingie, na kila msimu mpya unaleta vifaa vinavyovigeuza vya jana kuwa chuma chakavu. Anayerudi hufikia wenzake haraka, hilo ni kweli, lakini anafikia kwa sababu cha zamani hakina thamani tena. Cheza bure hadi kiwango cha 20. Ukiipenda, lipia mwezi mmoja mmoja. Usajili huohuo unafungua pia Classic, gemu hii jinsi ilivyokuwa zamani, na nyongeza za zamani zimo ndani yake. Ya karibuni tu ndiyo inauzwa peke yake.

Nje ya orodha

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lost Ark inakupa jembe mapema. Mapigano yake ni raha tupu, nimecheka peke yangu nikirusha mazimwi thelathini kwa pigo moja, lakini ukifika kiwango cha juu unakabidhiwa ratiba ya kazi za kila siku na kila wiki, na kuimarisha vifaa ni kubahatisha: unatoa malighafi, pengine inakubali, pengine inakataa, na iliyokataliwa hairudi, ingawa nafasi inapanda kidogo kila ukishindwa. Black Desert ni nduguye. Duka lake linauza wanyama wa kukuokotea vitu na uwezo wa kubeba mizigo, na ukicheza bila hivyo utaelewa haraka kwa nini vinauzwa.

EVE Online, gemu ya meli za anga za juu, sijui niiweke wapi. Ujuzi wa rubani wako unaendelea kukua ukiwa umelala, jambo ambalo kwenye karatasi ni zawadi kwa asiye na muda. Ila meli uliyoijenga wiki nzima inaweza kulipuliwa na mtu yeyote, karibu mahali popote, na ikiteketea imeteketea. Ina njia ya bure tangu 2016. Ijaribu siku una moyo mgumu.

Kuhusu malipo ya mwaka mzima kwa punguzo: yakwepe, hata kwa gemu unayoipenda. City of Heroes ilizimwa tarehe 30 Novemba 2012 wachezaji wakiwa bado wamesimama uwanjani, WildStar ikafuata 2018, na kila kilichonunuliwa humo kilizima nazo. Mwezi mmoja kwa wakati, na uusitishe usajili siku ileile unayolipa. Siku ulizolipia utazicheza zote, na mwezi ujao ndipo utakapoamua kama bado unaitaka.