Glokenspili ya pau 25 kwa kwaya ya watoto

Nafundisha kwaya ya watoto kanisani hapa Jinja. Glokenspili hii, ala ya pau zinazogongwa kwa vijiti, tuliinunua katika duka la ala mjini Kampala, na naipenda kweli. Pau zake 25 ni za chuma, zimepangwa kama vibonyezo vya kinanda: oktava mbili (do hadi do, mara mbili), na nusu-sauti zote zimo. Hulia oktava mbili juu ya noti iliyoandikwa, kwa hiyo hata ngoma zikipamba moto bado unaisikia. Ndiyo sababu siipi wimbo mzima. Noti chache kwenye kiitikio zinang'arisha sauti za watoto. Zikizidi, masikio yanachoka.

Watoto waliokulia karibu na embaire, marimba makubwa ya mbao ya Busoga, waliizoea upesi. Ila mbao hunyamaza mara moja, chuma huendelea kuvuma, basi nawafundisha kuzima pau kwa kidole kabla noti zinazolia pamoja hazijabadilika. Kazi tamu hiyo!

Vijiti vya plastiki vilivyokuja nayo ni vyepesi mno, sauti inatoka nyembamba. Ulizeni vyenye vichwa vigumu zaidi kabla ya kulipa. Begi ni imara, linafaa hata kwa boda.